Spoki Zinazolia: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Mlio Kwenye Gurudumu la Baiskeli ya Mlimani

Mtu akitoka mjini Nakuru kwa baiskeli na kuelekea ukingo wa kreta ya Menengai, hupanda kutoka takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari hadi mita 2,278, na kwa kuwa sehemu kubwa ya safari hiyo huendwa polepole, kwa gia nyepesi, mbali na kelele za matatu, ndipo baiskeli nyingi husikika zikilalamika kwa mara ya kwanza. Mlio wenyewe aghalabu si mkubwa. Ni tik, tik, tik inayoandamana na mzunguko wa gurudumu, au mkwaruzo mkavu kama wa kitanda cha kamba mtu anapojigeuza usiku, na mwendeshaji akishuka kutazama haoni kitu kilicholegea wala kilichovunjika.

Akishaamini kwamba mlio unatoka kwenye gurudumu, karibu kila mtu hukimbilia spana ya spoki na kuanza kukaza. Nami nilifanya hivyo. Gurudumu langu la nyuma lilikuwa likilia kila nilipopita mtaa wa Milimani kuelekea juu, basi jioni moja nikaketi uani nikazikaza spoki zote 32, kila moja nusu mzunguko, bila kupima wala kusikiliza. Mlio ulipotea kwa siku mbili, ukarudi, na baada ya miezi michache nikaona ufa mwembamba kama unywele umelizunguka tundu la nati upande wa kulia wa rimu. Rimu ikawa ya kutupwa. Chanzo cha mlio, kama nilivyokuja kuonyeshwa na fundi mmoja mzee, kilikuwa vumbi lililokaa kwenye makutano ya spoki, jambo ambalo lingemalizwa kwa kitambaa na matone machache ya oili. Ndiyo maana katika maelezo haya spana itachelewa sana kutajwa.

Kwa nini spoki hutoa sauti

Spoki haibebi uzito kwa kusimama kama nguzo ya nyumba. Ni waya wa chuma, kwa kawaida wenye unene wa milimita 2, uliovutwa baina ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na rimu, yaani duara linaloshika tairi, kwa nguvu kubwa. Katika gurudumu la kisasa la baiskeli ya mlimani, spoki za upande uliokazwa zaidi huvutwa kwa nguvu ya kilo 100 hadi 120 kila moja. Uzito wa mwendeshaji unapoliangukia gurudumu, rimu hubonyea kidogo mno pale inapokaribia ardhi, na zile spoki chache zilizo chini kabisa hupoteza sehemu ya mvuto wao, kisha huurudisha zinapoanza kupanda. Tairi la inchi 29 lina mzingo wa karibu mita 2.3, kwa hiyo katika kilomita moja tu kila spoki hulegea na kukazika tena zaidi ya mara 430.

Kulegea na kukazika huko ndiko huzaa sauti, kwa sababu spoki hugusana na chuma kingine mahali patatu. Kichwa chake na kiwiko chake, yaani pale inapopinda, hukaa ndani ya tundu la habu. Ncha yake imeshikwa na nati ndogo iliyokalia tundu la rimu. Katikati, kwenye magurudumu mengi, kila spoki hukatana na nyingine tatu, na katika makutano ya mwisho, yaliyo mbali zaidi na habu, husukwa ikapita upande wa pili wa mwenzake hadi zikaegemeana. Spoki mbili zinazoegemeana hivyo husuguana kila gurudumu linapozunguka, kwa umbali usioonekana kwa jicho. Zikiwa safi husuguana kimya. Zikiwa na vumbi, au zikiwa zimeanza kula kutu, husikika.

Nakuru, hapana budi kusema, ni mahali pabaya kwa jambo hili. Wengi husema jina lenyewe limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na yeyote aliyewahi kuteremka Menengai nyuma ya mwenzake wakati wa kiangazi hatakuwa na hamu ya kulibisha. Udongo wa miteremko hiyo umetokana na majivu ya volkano, ni mwepesi na laini, na hupenya hata pale ambapo maji hayapenyi. Mvua za Machi hadi Mei huugeuza kuwa tope linaloganda kwenye makutano ya spoki. Jua likirudi, tope hukauka likawa unga wa kusagia chuma. Wanaopeleka baiskeli karwashi ikaoshwe kwa mashine ya presha huongeza tatizo, kwa kuwa maji ya nguvu huiondoa grisi ndani ya habu na kuuingiza mchanga kwenye matundu ya nati. Ndoo, brashi na kitambaa vinatosha.

Kusikiliza barabarani

Chagua barabara tulivu, asubuhi na mapema ikiwezekana, yenye sehemu tambarare, mpando mfupi na mteremko mfupi. Toa kila kitu kinachoweza kucheza: funguo mfukoni, chupa ya maji, pampu iliyofungwa kwenye fremu. Halafu jiulize kwanza kama mlio unafuata miguu yako au unafuata gurudumu. Njia rahisi ni kuacha kukanyaga pedali mahali tambarare ukaiacha baiskeli iende yenyewe. Mlio ukikatika papo hapo, anza kushuku pedali, mikono yake, cheni na gololi za ekseli ya kati kabla ya kushuku spoki. Ukiendelea na kupungua kasi sawasawa na gurudumu, basi uko njiani.

Hapa pana mtego unaowanasa hata watu wazoefu. Kwenye mpando mkali, baiskeli yenye sproketi ya mbele ya meno 32 iliyowekwa kwenye sproketi ya nyuma ya meno 32 huzungusha gurudumu mara moja kamili kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Mdundo wa miguu na mdundo wa gurudumu huwa kitu kimoja, na sikio haliwezi kuvitenganisha. Badilisha gia. Ukihamia meno 16 nyuma, gurudumu litazunguka mara mbili kwa kila mzunguko wa pedali, na mlio wa spoki utaongezeka maradufu ilhali mlio wa pedali utabaki ulivyokuwa. Mpando ukiwa mkali mno kwa gia hiyo, tafuta pasipo na mwinuko mkubwa. Jaribio lenyewe halihitaji zaidi ya mita 50.

Baada ya hapo simama juu ya pedali na uegemeze uzito wako kwenye usukani, kisha rudisha makalio nyuma ya kiti. Mlio unaozidi uzito unapokwenda mbele ni wa gurudumu la mbele, na unaozidi uzito unaporudi nyuma ni wa nyuma, ingawa fremu husafirisha sauti vizuri kiasi kwamba watu wengi hulilaumu gurudumu la mbele kwa makosa ya nguzo ya kiti. Ukishuku nguzo hiyo, endesha kidogo ukiwa umesimama; isiposikika, usiiguse spoki hata moja kabla ya kuitoa nguzo, kuifuta na kuirudisha.

Shika breki nayo. Diski, lile bamba la duara linalobanwa na breki, imefungwa kwenye habu, kwa hiyo breki inapoikamata, habu husimamishwa huku rimu na tairi vikitaka kuendelea, na spoki ndizo zinazobeba ugomvi huo: nusu yake huvutwa zaidi na nusu hulegea. Gurudumu linalokaa kimya kwenye tambarare na kualika kama vidole vinavyokunjwa mara tu breki inaposhikwa lina makutano makavu, au lina spoki zilizolegea upande wa diski, au skrubu za diski yenyewe hazijakazwa. Hizo skrubu ziangalie kwanza. Kwa kawaida ni sita, hutumia bisibisi yenye kichwa cha nyota cha T25, na hukazwa kwa nguvu ya nyutoni-mita 4 hadi 6, ukivuka kutoka moja hadi iliyo upande wa pili badala ya kuzunguka kwa mfuatano.

Mwisho wa kusikiliza, hesabu. Mlio mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu una chanzo kimoja mahali pamoja: spoki moja, nati moja, kiungio cha rimu, au vali. Milio mingi isiyo na mpangilio, inayofuatana haraka haraka kama mahindi yanayokaangwa kikaangoni, hutoka kwenye makutano mengi kwa pamoja.

Wanaosingiziwa kuwa spoki

Kabla ya kuinua baiskeli, ondoa wale wanaoiga sauti ya spoki. Ile nati nyembamba inayoikaza vali kwenye rimu hulegea na kugonga tik, tik kwa uaminifu usio kifani. Ikaze kwa vidole au itoe kabisa, kwa kuwa gurudumu lenye tyubu haliihitaji. Viakisi vya plastiki vilivyobanwa kwenye spoki hucheza. Bakuli la plastiki lililo nyuma ya sproketi za nyuma, ambalo baiskeli nyingi za mtumba huja nalo likiwa limepasuka, hulia kama debe. Wenzo wa kufungia gurudumu ukiwa mkavu hutoa mkwaruzo ambao ungeapa ni wa spoki. Ufungue, ufute, paka grisi kidogo pale unapoegemea fremu, kisha ufunge kwa nguvu ya kiganja. Na usione haya kukagua kwa makini baiskeli inayokaa mahali penye watoto: niliwahi kupoteza nusu saa nikitafuta mlio uliotoka kwenye kipande cha chupa ya soda ambacho mtoto wa jirani alikichomeka kati ya spoki ili baiskeli ilie kama pikipiki.

Mlio unaobingirika ndani ya rimu, shaa, shaa, pale unapolizungusha gurudumu polepole kwa mkono, ni kitu kilichonaswa ndani: punje za mchanga, nati iliyovunjika, au maji maji ya kuziba matundu yaliyokauka yakawa vidonge. Dawa ni kutoa tairi na utepe wa rimu, kisha kuligeuzageuza gurudumu mpaka kitu hicho kitoke kwenye tundu la vali. Ikiwa kilichotoka ni kipande cha nati, umepata habari nyingine, kwamba mahali fulani pana spoki isiyoshikwa na kitu.

Kusikiliza kwa vidole

Yule fundi mzee aliyenionyesha kosa langu hufanya kazi chini ya mti, na ujana wake aliumalizia magharibi ya Kenya, akitengeneza Black Mamba za boda boda zilizokuwa zikivusha watu na magunia mpakani Busia. Baiskeli hizo zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, na mtu aliyezishughulikia maelfu kwa maelfu huwa na masikio ya mpiga nyatiti. Nilipomfikia nilianza kumwonyesha mahali nilipodhani pana kasoro.

"Usinionyeshe, kijana wangu," akasema. "Niache niisikie."

Akaigeuza baiskeli juu chini, akalishika gurudumu, akaipiga spoki moja kwa ukucha wa kidole gumba, halafu ya pili yake, halafu ya tatu, upande wa kulia peke yake, hadi akalimaliza duara. Kisha akarudia upande wa kushoto.

"Ulikaza kwa macho."

"Nilidhani zimelegea, mzee."

"Uliiuliza hata moja?"

Kuuliza kwenyewe ni rahisi kujifunza. Spoki za urefu na unene mmoja zikivutwa kwa nguvu sawa hutoa noti moja, na kadiri mvuto unavyozidi, noti hupanda. Ipige kwa ukucha katikati ya nafasi iliyo kati ya makutano ya mwisho na rimu, kila mara mahali palepale, ukianzia kwenye vali ili ujue umefikia wapi. Usilinganishe kulia na kushoto. Gurudumu la nyuma halina ulinganifu: sproketi zimechukua nafasi upande wa kulia, ukingo wa habu upande huo ukasogea karibu na katikati, na ili rimu ikae katikati ya fremu spoki za kulia hulazimika kuvutwa zaidi, za kushoto zikawa na mvuto wa karibu thuluthi mbili tu ya huo. Noti ya chini upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma si kasoro. Kwenye gurudumu la mbele lenye breki ya diski, upande wa diski, ambao ni wa kushoto, ndio ulio juu, japo tofauti yake ni ndogo.

Unachotafuta ni ile isiyofanana na majirani zake wa upande wake. Spoki iliyolegea hujibu kwa sauti butu, isiyodumu. Iliyokatika haijibu kabisa, na hapa pahitaji uangalifu, kwa maana spoki hukatikia mara nyingi kwenye kiwiko, ndani ya habu, na kipande chake kirefu huendelea kukaa mahali pake kikiwa kimebanwa na makutano, hata ukitazama kwa mbali ungehesabu spoki zote ukazipata zimetimia. Funga kipande cha selotepu kwenye kila unayoishuku.

Halafu kamata spoki mbili zinazokwenda sambamba upande mmoja, kwa kiganja, na uzibane pamoja kwa nguvu ya wastani, ukiendelea jozi kwa jozi. Jozi inayokubali kubonyea kuliko nyingine imelegea. Jozi inayotoa ule mlio uliousikia barabarani imejitaja yenyewe, na mara nyingi utausikia ukitoka mahali dhahiri: makutanoni, kwenye nati, au kwenye habu. Mimi huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mahali ninaposhuku na mpini wake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, mwenzangu akibana. Majirani hucheka, lakini sauti ya chuma husafiri kwenye chuma bila kupotea.

Mlio mkavu

Ikiwa noti zote zinalingana na gurudumu halipindi, usikaze kitu. Safisha makutano kwa brashi ya meno na maji yenye sabuni kidogo, suuza, kisha acha gurudumu likauke juani kabisa. Chukua njiti ya kiberiti, ichovye kwenye oili nyepesi, na uguse kila makutano ya mwisho kwa tone moja tu. Bana spoki mara kadhaa ili oili iingie, kisha futa ziada yote, kwa sababu oili iliyobaki nje itakusanya vumbi na kuurudisha mlio kabla mwezi haujaisha. Nati hupata tone lake pale inapoingia kwenye rimu na lingine pale spoki inapoingia kwenye nati. Kichwa cha spoki kwenye habu hupata tone dogo zaidi.

Oili ya kupuliza usiikaribishe kabisa. Ukungu wake utaifikia diski, diski itaipitishia pedi za breki, na utakuwa umebadilisha mlio mdogo wa spoki kwa yowe la breki na, kibaya zaidi, breki isiyoshika kwenye mteremko wa Menengai. Kama una namna, toa diski kwanza; kama huna, ifunge kwa mfuko safi wa plastiki mpaka umalize.

Gurudumu jipya, au lililosukwa upya, hualika ting, ting katika mita mia chache za kwanza, kisha hunyamaza. Hiyo ni spoki iliyopindishwa na spana pamoja na nati yake, ikijinyoosha inapolegea kwa mara ya kwanza chini ya uzito. Haina madhara isipokuwa kwamba rimu huweza kuyumba kidogo baada yake, na fundi mzuri huzibana spoki kwa jozi kabla ya kukukabidhi gurudumu ili mlio huo ubaki kwenye kibanda chake.

Spoki iliyolegea

Sasa ndipo spana huruhusiwa. Itoshee nati barabara. Nati nyingi huhitaji spana ya milimita 3.23, nyingine 3.3, nyingine 3.45, na tofauti hiyo isiyoonekana kwa jicho inatosha kuziviringa kona za nati hadi zisishikike tena. Plaisi ni marufuku. Nati iliyoshika kutu ipe oili ya kupenya, uiache usiku mzima, na kesho yake uanze kwa kuilegeza kidogo kabla ya kuikaza.

Funga kamba ya plastiki ya kubania kwenye fremu, ncha yake ikikaribia rimu kwa umbali wa milimita moja au mbili, ulizungushe gurudumu na kutazama mahali rimu inapoisogelea ncha hiyo. Kipimo hiki huwezi kukiruka, kwa sababu ndicho kinachoamua kama spoki iliyolegea ni ya kukazwa. Spoki ya kulia ikilegea, rimu hapo itakuwa imevutwa kushoto, na kuikaza kutairudisha. Lakini ukikuta spoki imelegea na rimu mahali hapo imenyooka, au imeelemea upande wa spoki hiyohiyo, basi rimu yenyewe imepinda kwa kugonga jiwe au shimo, na mtu aliyetangulia aliilegeza spoki ili kuinyoosha kwa hila. Kuikaza hapo kutaiyumbisha rimu. Rimu ya namna hiyo inahitaji kunyooshwa au kubadilishwa, na uamuzi huo mwachie fundi aliye na kipimo cha mvuto wa spoki.

Mwelekeo huwachanganya wengi. Ukiitazama nati kutoka upande wa tairi, kana kwamba umetia bisibisi kwa juu ya rimu, kuizungusha kwa mwendo wa saa hukaza. Ukiitazama kutoka upande wa habu, kama unavyoiona unapoinama juu ya gurudumu huku nati ikiwa chini, mwendo huo hugeuka. Kama huna hakika, jaribu robo mzunguko na uipige spoki: noti ikishuka, umelegeza.

Kaza kwa robo mzunguko, usizidishe. Uzi wa spoki ni mwembamba, na mzunguko mmoja kamili husogeza nati milimita 0.45 tu, lakini kwenye waya usiokubali kurefuka hicho ni kiasi kikubwa. Ili usiupindishe waya wenyewe, pitisha kidogo mahali unapopataka kisha urudi nyuma kiasi hichohicho. Kipande cha selotepu kilichobandikwa kama bendera kwenye spoki kitakuonyesha kama inazunguka pamoja na nati. Kila baada ya spoki mbili au tatu, zungusha gurudumu, tazama, piga, sikiliza. Myumbo wa chini ya milimita moja kwa baiskeli yenye breki za diski unatosha kabisa, na anayetafuta unyoofu zaidi ya huo kwenye barabara za Njoro anajitafutia kazi.

Spoki zikiwa zimelegea zote, za upande mmoja au pande zote mbili, usijaribu kuzirudisha kwa mkupuo. Zikaze kwa robo mzunguko duara zima, pima, kisha rudia. Ikiwa baada ya wiki mbili zimelegea tena, kagua kila tundu la rimu kwa tochi. Ufa unaotoka kwenye tundu, au chuma kilichovimba kuizunguka nati, hutoa mlio unaofanana sana na wa nati kavu, na oili hutuliza mlio huo kwa muda bila kuuponya ufa. Rimu hiyo isiendeshwe tena.

Spoki iliyokatika

Ikikatikia njiani, izungushie jirani yake ili isijichome kwenye fremu au kwenye gia ya nyuma, hakikisha rimu haigusi fremu, kisha rudi nyumbani polepole. Zikiwa mbili zilizo jirani, tembea kwa miguu. Sikio lililozoea litakuwa limekuonya mapema, kwa kuwa spoki inayokaribia kukatika kwenye kiwiko mara nyingi huwa imelegea kwa muda mrefu. Ile inayolegea na kukazika kupita kiasi ndiyo inayochoka, si ile iliyovutwa sawasawa.

Ya kununua ipime kwa milimita kutoka ndani ya pindo la kiwiko hadi ncha, na ukiweza beba ya zamani dukani. Za kulia kwenye gurudumu la nyuma kwa kawaida ni fupi kuliko za kushoto kwa milimita moja au mbili, kwa hiyo taja upande. Maduka mengi ya mjini yana spoki za Black Mamba kwa wingi, na utashawishiwa kuikata ndefu ipate urefu wako. Kataa. Uzi wa spoki una urefu wa milimita 9 au 10 tu, na ukikatwa nusu yake nati haina cha kushika; ikiachwa ndefu nayo, ncha itatokeza juu ya nati na kuitoboa tyubu. Upande wa kulia nyuma utalazimika kutoa sproketi kwa kifaa chake maalumu, na upande wa diski utatoa diski. Pitisha spoki mpya kwa njia ileile iliyopita ya zamani, hata kule kusukwa kwenye makutano ya mwisho, weka tone la oili kwenye uzi, na uikaze mpaka noti yake ilingane na ya majirani wawili wa upande wake.

Kisha rudi kwenye kilima kilekile, kwa gia ileile, mahali palepale mlio ulipokuwa ukianza. Piga spoki tena baada ya kilomita 50 hivi, kwa kuwa mpya hujikalisha. Gurudumu likinyamaza, utaanza kusikia jambo ambalo pengine hukulisikia kwa miezi mingi, ule mlio wa friwili ukiacha kukanyaga, trrrr, ukipanda kadiri mteremko unavyokuchukua. Huo ni wa kawaida, uache.